Roho Wako Akakumenyee

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 4 Juni 1995. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu mpaka saa nne, baridi ya kuingia mifupani.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo huenda nikakosea. Nitajaribu kutomwonea mtu.

Leo kanisani mume wangu ndiye aliyesoma somo la kwanza, lile la ndimi za moto na watu wa mataifa mengi kusikia kila mmoja kwa lugha yake. Alisoma vizuri. Nilijivuna.

Tumefika nyumbani, wifi yangu akaja na kapu la kahawa mbivu kichwani. Ni dada yake mume wangu, mjane, anaishi ng'ambo ya kijito. Alizichuma jana mchana. Kahawa mbivu haingoji. Ikilala tena bila kumenywa inachacha, na mnunuzi akiinusa tu anakurudishia, awe wa chama cha ushirika au hawa wa binafsi walioruhusiwa juzijuzi. Mashine ya kumenyea ni ya marehemu baba yao. Aliwaachia wote, ila imefungwa kwetu.

"Kaka, naomba nimenye."

Mume wangu hakuinuka. "Si una Roho wewe? Roho wako akakumenyee."

"Kaka, leo Pentekoste."

"Ndiyo, yetu. Ya kwenu si kila siku, mnapiga kelele sokoni na spika?"

Wifi aliokoka mwaka jana, kwenye kanisa jipya. Niseme haki: misa ya kumwombea baba yao hakuja, akasema tunaabudu sanamu. Mume wangu alilia siku ile, na ndiye aliyemjengea dada yake nyumba. Ana jeraha. Lakini jeraha na kapu la kahawa vinahusiana nini? Saa mbili tu zilizopita mdomo uleule ulisoma habari za Roho!

Kwetu mpini wa mashine huzungushwa na mwanaume, mwanamke humimina maji. Nilivua kitenge cha kanisani, nikaushika mpini.

"Unanidhalilisha," mume wangu akasema.

"Umejidhalilisha mwenyewe. Wifi, mimina maji."

Tulimenya mpaka kapu likaisha. Mabega yanawaka hata sasa. Mume wangu alikaa pale pale barazani, akitazama mgomba kama anauhesabu majani.

Nilidhani hasira itaishia hapo. Wifi akajifuta mikono, akainua macho juu: "Asante Bwana! Wifi, Roho amekugusa. Siku moja utaokoka tu."

Jamani! Mimi niliyebatizwa nikiwa mchanga, nikapewa kipaimara, mikono imejaa utelezi wa kahawa ya mwenzangu, bado sijaokoka! Nikamwambia, "Wifi, beba kahawa yako uende." Akaenda. Hata yeye, nimfanyie haki, hakusema kwa ubaya.

Mimi ni wa darasa la saba, mambo ya Roho si ya kwangu kufundisha. Ila nililisikia somo lile vizuri: moto ulikaa juu ya kila mmoja wao. Haukukaa juu ya mmoja ili awacheke wengine. Na waliposhukiwa walifungua mlango, wakatoka nje kwa watu. Sisi tumeshukiwa, tunafunga mashine. Kina wifi wameshukiwa, wanatuhesabu wapagani. Sasa Roho ametuachia nini cha kuonekana, kama si kumenyeana kahawa? Au nakosea. Labda hata hasira hii si ya Roho.

Jioni nilisonga ugali, nikakaanga usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa nyanya. Nilipakua sahani ya wifi bila kuuliza mtu. Mume wangu hakuwa amesema nami tangu mchana. Nilipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Mwambie kesho asubuhi abadilishe maji alimoloweka kahawa, la sivyo zitanuka."

Niliupeleka ujumbe pamoja na sahani. Niliporudi tulikula sisi wawili. Usipa walizidi chumvi, na mume wangu akawamaliza wote.