Jino la Filister

Filister wa Muhuru Bay alikuwa mtu wa kuuma kwanza na kuamini baadaye. Alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote hakununua hata beseni moja bila kuchovya mkono hadi chini, maana huko chini ndiko wavuvi walikoficha zilizolainika. Zilizokauka alizipima kwa jino la mbele. Jino likikwaruza mchanga, muuzaji alirudishiwa gunia lake. Zake mwenyewe alizianika juu ya neti kuukuu, na wanawake waliomwaga zao mchangani aliwaita wavivu peupe.

Basi mwaka wa tisini na sita, jirani yake Liz alirudi kutoka Nairobi na habari kwamba Dorine, binti pekee wa Filister, alikuwa akipika katika hoteli ya Wachina. Dorine alikuwa ameandika kwamba amepata kazi ya upishi. Kwa nani, hakusema.

"Huko wanakula nguruwe na konokono," Liz alisema. "Na vitu zingine hata paka yangu inaweza kataa."

Filister alikuwa Msabato wa kweli. Hata mumi hakuingia nyumbani mwake, kwa kuwa samaki huyo hana magamba. Joash, mzee wa kanisa, alimshauri amrudishe mtoto nyumbani kabla hajapotea kabisa, akamwazima na sanduku lake la kubebea nguo za Dorine. Filister akaondoka nalo tupu, roho ikiwa juu.

Alifika hotelini Nairobi mchana, wateja wameshaondoka. Kumbe hoteli yenyewe ilikuwa ya Wakorea, Dorine alimweleza, ingawa walipika tambi za Kichina pia. Kwa Filister hilo halikupunguza kitu. Alikaa amebana sanduku kati ya miguu, akaitazama meza iliyotobolewa katikati na kuwekwa jiko la makaa, akajiuliza ni watu gani hawa wanaomwacha mgeni ajichomee nyama mwenyewe halafu wamtoze. Kwenye mlango wa jikoni alisimama mama mwenye hoteli, Mkorea wa makamo, akimkodolea macho vilevile.

Dorine akapanga visahani.

"Hii ni nini?"

"Kabichi, Mama. Ya pilipili."

"Imelala siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Na bado mnauzia watu."

Dorine alicheka; mamake hakucheka. Zikaja tambi zenye mchuzi mweusi tititi na vipande vya nyama.

"Nyama gani?"

"Ng'ombe."

"Uliona ikichinjwa?"

Dorine aliingia jikoni, akarudi na sufuria ndogo yenye herufi D iliyochorwa ubavuni kwa msumari. "Hii nilinunua na mshahara ya kwanza. Chakula yangu inapikwa hapa peke yake, na leo nimepikia yako. Nguruwe haijawahi gusa. Hata wao wanajua, hakuna mtu anaishika."

Filister aliigeuzageuza, akaichungulia, akainusa. Alitaka sana kuamini, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi, maana gunia bovu kuliko yote alilinunua siku aliyokuwa na haraka ya kuamini. Hata hivyo akaonja. Tambi zilikuwa tamu, zikateleza kooni kabla hajaamua kuzikubali. Akaongeza. Nyama ya ng'ombe, ambayo Dorine aliikaanga katika sufuria ileile juu ya jiko la mezani, ikafuata, na ile kabichi chachu akaimaliza huku amekunja uso.

Ndipo jicho lake likatua kwenye kisahani cha mwisho: samaki wadogo wadogo, wamekaangwa kwa sukari na ufuta.

"Dorine. Hii ni omena."

"Ni omena."

"Watu wa magari wanalipa kula omena?"

Akachukua moja, akaiuma kwa jino la mbele. Jino likakwaruza. Akaitema kiganjani, hasira zimempanda.

"Nani ameanika takataka hii?"

Dorine alishusha sauti. Zamani samaki wa namna hiyo waliletwa kutoka Korea; walipokatika, yeye ndiye aliyemshawishi mama yule ajaribu omena za sokoni. Wateja walizipenda, ila walilalamikia mchanga, na sasa alikuwa amepewa hadi mwisho wa mwezi atafute safi au atafute kazi nyingine.

"Nilimwambia mamangu anaanika juu ya neti. Hakuniamini. Anasema kila mtu husema hivyo."

Filister alimtazama yule mama mlangoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimheshimu mtu.

"Ako sawa. Hata mimi singeamini." Kisha akamgeukia bintiye. "Na mbona hukuniandikia?"

"Ungeuliza ni hoteli ya nani."

Jibu hilo lilimuuma Filister. Akalivuta sanduku, akalifungua, akapima kina chake kwa kiganja.

Jumapili iliyofuata Joash alipita ufuoni, akamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku lililo wazi.

"Min Dorine," alimwita kwa Kijaluo, yaani Mama Dorine, "mtoto ako wapi?"

"Ako kazini."

Joash akalitazama sanduku lake likijaa omena hadi kwenye bawaba. Filister aliendelea kupakia, akiuma moja hapa na nyingine pale, maana hata zake mwenyewe hakuziamini.