Kibati cha Chipu Moja

Baba yangu mkubwa aligawa karata kasino mpaka kasino yenyewe ikafungwa. Alichotoka nacho ni chipu, vile visahani vidogo vya udongo ambavyo wachezaji huviweka mezani badala ya pesa. Wastaafu wengine hufuga kuku. Yeye alifuga chipu.

Kila Jumamosi alizisafisha kwenye meza ya jikoni, na ole wako ujitie kumsaidia. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Kulowesha marufuku, maana udongo ule hunywa maji ukavimba. Maandishi ya dhahabu hayasuguliwi. Kila moja anaifuta chapuchapu, anaipaka mafuta ya mtoto kiduchu, rangi inarudi. Mama mkubwa akipita na masufuria yake humwambia, "Ningezaliwa chipu, na mimi ningesuguliwa mgongo."

Moja tu haikuonja maji. Ilikuwa ya kijani kama nyingine kadhaa, ila hii ilikaa peke yake kwenye kibati kilichokuwa cha vidonge vya kikohozi. Mama mkubwa, enzi hizo akiwa keshia palepale kasino, aliibusu siku aliyokubali kuolewa. Rangi ya mdomo ilibaki juu yake, nyekundu.

Baadaye macho ya baba mkubwa yakaingia ukungu.

"Nenda kapimwe, baba watoto."

"Macho ya mgawa karata hayazeeki."

Mbishi yule! Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza ahakikishe. Mama mkubwa alimsihi miaka na miaka, akafariki bado anamsihi. Inaniuma kwamba mzee alikubali baada ya kumzika.

Siku ya kuamkia upasuaji alizisafisha zote kwa kupapasa, ili macho mapya yazikute ziking'aa. Hofu ya kisu ikamzidi, akafungua kibati aishike ile ya kijani mkononi, apate nguvu. Mara simu ikalia. Kama alivyonieleza baadaye, aliiweka kwenye taulo akaenda kupokea, na aliporudi akaendelea na kazi.

Bendeji ilipotolewa nilimrudisha nyumbani. Hakuvua hata viatu. Alifungua kibati, hakina kitu. Akageukia taulo. Chipu za kijani zilikuwa zimejipanga pale, zote za aina moja, zote zimetakata, zinanukia mafuta. Akazipeleka dirishani, akazigeuza mojamoja, upande huu na upande ule.

"Ni ipi, mwanangu?"

"Sijui, baba."

Nilitamani nidanganye, nichague yoyote.

"Ningemsikiliza mapema," akasema, "ningeiona."

Alikaa kitako akilia bila kujificha. Halafu akavuta kibati, akaanza kuzirudisha zote za kijani ndani yake. Kinachukua moja tu.