Siku Nilipowaarehemu Wazima

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hili nalieleza baada ya kulionea haya miaka, na hata leo nikipita karibu na msikiti wetu hapa Utange kuna watu wananiita Izraili, mtoa roho (wengine nimewazoea, wengine bado).

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani wa ghala kule Changamwe, na kwa kuwa mtaani petu ni mimi peke yangu niliyekuwa na kompyuta nyumbani, nilikabidhiwa orodha ya hitima. Kila Shaabani, kabla ya Ramadhani, tunakusanyika tunasoma Kurani, kisha ustadh anawataja marehemu wetu mmoja mmoja tuwaarehemu. Mimi niliandika majina ya mtaa mzima, na mbele ya kila jina herufi moja, H kwa aliye hai na M kwa marehemu. Mtu akifariki nafuta H naweka M, kazi imekwisha. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo cheusi na maandishi ya kijani, lakini tulikuwa tumezoeana. Mwaka mmoja chumvi ya pwani ikaimaliza, nikabaki na diski mkononi.

Nikaenda Magongo kwa jamaa mmoja wa bara aliyekuwa akiuza kompyuta zilizotoka maofisini. Aliniuliza kazi yangu, nikamweleza, akasema, "Mzee, kama ni majina tu, chukua hii programu ya kuandika, inafanana na ile yako ya zamani. Hii ingine ni ya maofisi, iko na mambo mingi, utasumbuka bure."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa dogo tu, kiburi cha karani. "Ndugu yangu," nikamwambia, "mimi nimekaa ofisini miaka kumi na minane. Nitilie hiyo ya maofisi." Akanitilia, na majina ya kwenye diski akanihamishia humo.

Nyumbani nikakuta majina yamepangwa kwenye vijisanduku, majina safu yake, herufi safu yake, na programu ina uwezo wa kuyapanga kuanzia A mpaka Z kwa kubonyeza mara moja tu. Mke wangu Zuwena akaniuliza, "Kwani yalivyokaa hivyo yamekukosea nini?" Nikaichagua safu ya majina, nikabonyeza, na kufumba na kufumbua yote yakajipanga sawasawa. Nilichokuwa sijui ni kwamba majina yamehama peke yake na zile H na M zimebaki pale pale zilipokuwa, kwa hiyo kila mtu amepata herufi ya mwenzake. Nikaiambia mashine initolee wenye M tu, ikanitolea, nikachapisha kwenye karatasi nyeupe pe. Sikusoma hata jina moja, nilikuwa nikitazama mistari ilivyonyooka. Orodha ya mwaka jana Zuwena alikuwa ameshaifungia viazi karai.

Jioni hiyo akaja Bi Mwanasha, kama ajavyo kila mwaka. Mwanawe wa pekee, Hamisi, alifariki kijana, na jina lake husomwa mbele za watu siku hiyo tu, naye bibi hulingojea mwaka mzima. "Mwanangu," akaniambia, "usinisahaulie Hamisi wangu."

"Bibi," nikajibu (na nikikumbuka jibu hili natamani ardhi inimeze), "mimi naweza kusahau, lakini mashine haisahau."

Siku ya siku watu wakajaa, wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia la turubai. Ustadh akaanza kusoma orodha, nasi kila jina tunaitikia Amin. Jina la tatu lilikuwa la jirani yangu mzima wa afya, lakini huku kwetu majina hufanana, nikajua ni wajina wake, nikaitikia. Jina la sita likawa la Mzee Kombo fundi charahani, na Mzee Kombo mwenyewe aliitikia "Amin!" kwa sauti kubwa kuliko sote, kisha akajishika goti. "Yakhe," akasema, "si ndiye mimi huyo?"

Nyuma ya pazia mkewe akapiga yowe kabla hajafikiri. Wenzake wakampokea wasijue wanamlilia nani, wapita njia wakasikia vilio wakaingia kutoa pole, na ustadh, ambaye masikio yake si mazuri, akaendelea kusoma mpaka akalitaja jina lake mwenyewe. Akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, akanitazama. Watu waliangua kicheko ambacho sijapata kukisikia kwenye hitima, karatasi ikapita mkono kwa mkono kila mtu akitafuta kama amekufa (mimi nilikuwa wa tisa), na waandazi kuona mambo yameharibika wakatoa masinia ya pilau. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Ndipo nikaitwa kwenye pazia. Bi Mwanasha alikuwa amekaa mkekani, sinia mbele yake hajaligusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimengoja mpaka chakula kimekuja, na Hamisi sikumsikia. Mmemtoa kwa kosa gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakutolewa, ila mashine imempa herufi ya walio hai. Nilidhani atanitukana.

"Yu hai?" akauliza taratibu. "Basi mwambie aje ale, pilau yapoa."

Kisha akajifunika uso kwa leso. Wallahi, hilo liliniuma kuliko kicheko chote kile cha watu. Nikarudi ukumbini nikawaomba waache kula, na ustadh akaanza upya bila karatasi, kila mtu akiwataja wake kwa mdomo, tukamaliza alasiri imeingia. Wa kwanza kutajwa alikuwa Hamisi.

Kompyuta ninayo bado, wanangu wanaichezea. Orodha naiandika kwa kalamu, na usiku wa kuamkia hitima naisoma yote kwa sauti, kidole juu ya jina, Zuwena akisikiliza. Bi Mwanasha naye sasa ana M yake, nimemwandika chini ya mwanawe, na nikifika kwao wawili hao sina haraka.