Vyungu Viwili vya Mwalimu Miao

Mwalimu Miao Yuehe alikuwa na sheria moja darasani, na ole wako uivunje: sentensi ya uongo haiandikwi. Ukitaka kutunga sentensi ya Kiingereza, itunge kwa kitu ulichokiona au kilichokupata. Alisema uongo haukai kichwani, siku ya mtihani unakukimbia. Basi sisi watoto wa mji ule mdogo wa mkoa wa Gansu, ambao hatukuwahi kumtia machoni mtu wa Ulaya, tulijifunza Kiingereza kwa habari za mtaani.

Alikuwa na mifumo arobaini ya sentensi, aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi za nta, kisha akaipaka wino na kuichapa nakala moja moja hadi vidole vikawa vyeusi. Kila asubuhi kabla ya uji tuliisoma kwa sauti, darasa zima, mpaka wauza mboga wa nje ya ukuta wakawa wanaiimba. Mfumo wa tisa ulikuwa wa kitu kilichozidi mpaka kikaleta matokeo: “Tofu ya Mama Xu ni laini hivi kwamba haifiki nyumbani ikiwa nzima.” Mfumo wa kumi na nne ulikuwa wa kuongeza sifa juu ya sifa: “Mume wangu si mrefu tu, bali pia anakoroma.” Hapo tulicheka kila mwaka, na yeye kila mwaka alitukazia macho kana kwamba hajui tunachekea nini.

Msidhani alikuwa bingwa. Chuoni alisomea Kirusi, na Kirusi kilipokosa soko akaambiwa akajifunze Kiingereza katika likizo moja na kurudi kukifundisha. Matamshi yake yalikuwa ya kujitungia. Lakini mifumo ile arobaini ilitoa watoto wengi pale mjini kuliko reli. Mimi ni mmoja wao. Naitwa Ge Suyun, na leo naketi kwenye meza aliyokuwa akiketi yeye.

Mwanawe wa pekee, Fu Baichuan, alikaa mbele yangu darasani, na katika Kiingereza alikuwa mzito kama gogo. Tulimtania bila huruma. “Mtoto wa mpishi analala njaa,” nilimwambia siku moja aliposahau mfumo wa tisa mbele ya mama yake.

“Wewe cheka tu,” alijibu. “Mpishi mwenyewe nyumbani anapikia daftari zenu. Mimi na baba tunakula mikate ya jana.”

Baba yake, Fu Changgui, alikuwa fundi wa reli, yule mrefu anayekoroma. Mwezi wa tano mwaka 1994, miezi miwili kabla ya mtihani mkuu wa kuingia chuo kikuu, macho yake yaligeuka manjano. Nilijua kwa sababu nilipeleka daftari za darasa nyumbani kwao nikawakuta jikoni yeye na mwalimu, karatasi ya hospitali iko mezani kati ya vitunguu. Ilikuwa ini, na lilikuwa limekwisha.

“Umesikia nini?” mwalimu akaniuliza.

“Sijasikia kitu, mwalimu.”

“Umesikia. Baichuan asijue mpaka amalize karatasi ya mwisho. Unanielewa, Ge mdogo?”

Nikamwangalia Mzee Fu. Akacheka kidogo, akasema, “Mimi mwenyewe ndiye niliyesema. Mtoto ana kazi yake, nami nina yangu. Tusichanganye.”

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa. Kwetu mtoto wa mtihani haambiwi kitu kibaya. Bibi yangu mwenyewe alikufa nikiwa najiandaa kuingia sekondari, nikaambiwa baada ya wiki tatu, nikiwa nimeshapewa nyama ya kusherehekea. Miaka kumi na miwili ya kusoma haiachwi ipeperushwe na msiba wa siku mbili. Ndivyo tulivyoamini, na wengi bado wanaamini hivyo. Mimi siku hizi sijui niamini nini, na inaniudhi.

Baichuan akahamishiwa bweni la shule, eti apate utulivu. Baba yake alikuja kumuaga amevaa sare ya kazi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi ili macho yasionekane. “Wananituma Lanzhou kukarabati reli,” alimwambia. “Tutaonana ukimaliza.”

“Niletee tikiti maji,” Baichuan alisema, akarudi kwenye daftari lake. Hakusimama hata kumsindikiza hadi mlangoni, na kwa nini asimame? Mtu anakwenda kazini.

Mzee Fu alikufa tarehe sita mwezi wa saba, siku moja kabla ya mtihani kuanza. Mtihani ulikuwa siku tatu, na Kiingereza ndicho karatasi ya mwisho. Walijaribu kumweka angoje, lakini joto la Julai halina subira. Alizikwa tarehe nane, saa ileile mwanawe alipokuwa anahangaika na hesabu.

Sasa, jeneza kwetu halinyanyuliwi mpaka mtoto wa kiume ainue juu ya kichwa chungu cha udongo kilichochomewa ndani karatasi za kumsindikiza marehemu, akipige chini kivunjike kwa pigo moja. Mwenye kuvunja chungu ndiye mwana, na asiyekivunja hamalizi deni hilo hadi kufa kwake. Siku ile alikivunja Baolin, mtoto wa kaka yake Mzee Fu. Watu walisema alikipiga vizuri.

Tarehe tisa asubuhi Baichuan alinishika mkono kwenye lango la shule. “Suyun, mama hajaja hata mara moja. Yuko wapi?”

“Wamemwita wilayani,” nikasema. “Mambo ya kusahihisha.”

Nilisema haraka hivyo, bila kumeza mate, kwa ulimi uleule alioufundisha mama yake usiseme uongo hata kwenye zoezi. Nimeusema uongo mwingine mwingi maishani. Huo ndio ninaousikia.

Alipotoka kwenye karatasi ya mwisho mama yake alikuwa amesimama langoni. Alitoa kitambaa cheupe cha msiba mfukoni, kimekunjwa vizuri kama leso, akamfunga kichwani mbele ya watu wote. Nilitegemea Baichuan atapiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

“Nani alivunja chungu?”

“Baolin,” mama akajibu.

Akaitikia kwa kichwa. Alipata alama za juu kabisa za Kiingereza shuleni kwetu mwaka ule, juu hata yangu, na katika miaka saba iliyofuata sidhani kama alikaa na mama yake meza moja mara saba.

Nilirudi pale shuleni kama mwalimu mwaka wa 1998. Siku yangu ya kwanza nikapita nje ya darasa lake wakati wa usomaji wa asubuhi, nikasikia mfumo wa kumi na nne. Mtajua kwamba katika lugha yetu kitenzi hakibadiliki. Jana, leo na kesho vyote kinavisema vilevile, na kwa Kichina Mzee Fu angeweza kuendelea kukoroma mpaka mwisho wa dunia. Kiingereza hakina huruma hiyo. “Mume wangu hakuwa mrefu tu,” watoto walisoma, “bali pia alikoroma.” Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani anafuta chaki kwenye mkono wa koti lake, nami nikalia ukumbini kama mjinga.

Baichuan alienda Kanada mwaka 2001, Winnipeg, baridi juu ya baridi. Simu ilikuwa moja kwa mwaka, siku ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, mwaka wetu mpya. Umekula? Nimekula. Huko baridi? Baridi. Basi. Lakini barua aliandika, na aliziandika kwa Kiingereza tu, fupi na kavu, kama ripoti ya hali ya hewa. Mama yake alichukua kalamu nyekundu, akamsahihisha makosa yote, akairudisha barua kwa posta. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

“Mwalimu, si umwandikie tu kwamba umemkumbuka?” nilimwambia mara moja.

“Anajua kusoma wekundu,” akanijibu.

Kisha mwaka wa tatu makosa yakaisha. Barua ikaja safi, hakuna pa kutia kalamu. Aliigeuza huku na huku, akavaa miwani, akavua, akaniuliza mimi kama naona kosa. Sikuliona. Nusu mwaka hakuwa na la kumjibu, akakonda. Halafu ikaja barua yenye makosa kumi na moja, makosa ya mtoto wa darasa la kwanza, ambayo mtu anayesomea ufamasia kwa Kiingereza hawezi kuyafanya hata akiwa na homa. Mwalimu Miao aliyazungushia yote wekundu. Akayahesabu tena kwa kidole, anatabasamu, nami nikajifanya natafuta chaki.

Masika ya 2007 tumbo lilianza kumuuma, na kufikia vuli daktari alisema kwaheri kwa lugha ya kidaktari. Baichuan alikuwa amebakiza mtihani wa leseni ya ufamasia, unaofanywa kwa nadra na mtu hujiandaa mwaka mzima. Ulikuwa umebaki wiki tatu.

“Asiambiwe,” Mwalimu Miao akasema kutoka kitandani.

“Mwalimu, tulishafanya hivi mara moja.”

“Na alifaulu.”

“Alifaulu, ndiyo. Na ukampoteza.”

Aligeuza uso ukutani. “Mwalimu hampotezi mwanafunzi aliyefaulu,” akasema. “Ge mdogo, nilikukataza wakati ule, ukashika. Shika na sasa.”

Kwetu neno la mwalimu halirudishwi. Nilishika kwa siku kumi na moja. Kila siku nilimpelekea uji wa ulezi, kila siku aliacha mwingi kuliko aliouacha jana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kinamuumbua na rafiki aliyemsaidia kuficha. Siku ya kumi na mbili, saa ya mapumziko ya asubuhi, nilipiga simu Winnipeg kutoka chumba cha walimu, wenzangu wote wakinitazama.

“Baichuan, ni Suyun. Mama yako anakufa. Amekataza nisikwambie.”

Akauliza, “Baba alipokuwa anakufa, wewe ulijua?”

“Nilijua.”

“Asante kwa kunijibu,” akasema, akakata simu.

Alifika baada ya siku tatu, ndevu hazijanyolewa, mkoba mmoja begani. Ilikuwa alasiri. Mwalimu Miao alipomwona mlangoni hakutabasamu. Alinigeukia mimi kwanza, kwa jicho ambalo sikuliona tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba.

“Nani alimwambia?”

“Hakuna aliyeniambia,” Baichuan akasema. “Nimekuja kupumzika.”

“Na mtihani?”

“Waliuwahisha. Nimeshafanya, mama. Nimefaulu.”

Mtihani ulikuwa bado siku tano. Mimi nilijua, yeye alijua, na yule mwanamke aliyehesabu siku zile kwa vidole chini ya blanketi alijua kuliko sisi wote. Alimtazama mwanawe usoni polepole, kama anavyosoma daftari.

“Sentensi ya uongo haikai kichwani,” akasema.

“Hii itakaa,” Baichuan akajibu, akaketi kitandani, akachukua bakuli la uji mkononi mwangu.

Mama yake alikula vijiko sita. Nilivihesabu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Baada ya hapo walizungumza siku nne, kwa lugha yetu, juu ya tikiti maji, na tofu ya Mama Xu, na jinsi Mzee Fu alivyokoroma hata jirani akagonga ukuta. Mwalimu Miao alikufa siku ya tano, usiku umeshaingia. Kule Winnipeg ilikuwa asubuhi, na wenzake Baichuan walikuwa wanafungua karatasi zao.

Siku ya mazishi wazee wa ukoo wa Fu walikuwa wamepanga kila kitu, na chungu kimoja kipo mbele ya jeneza. Baichuan akatoka ndani na cha pili, kipya, cha bei ya sokoni, akakiweka kando ya kile.

“Hicho cha nini?” baba yake mkubwa, babake Baolin, akauliza. “Maiti mmoja, chungu kimoja. Desturi haina viwili.”

Baolin, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, ndiye aliyesogea mbele. “Baba, mwache,” alisema. “Kimoja nilimvunjia mimi. Kilikuwa chake.”

Baichuan aliinua cha kwanza juu ya kichwa, akasema, “Mama,” akakipiga chini, kikapasuka kwa pigo moja. Akainama akachukua cha pili. Hicho alikaa nacho juu kwa muda, wabebaji wakingoja na miti mabegani. Sote tulisikia alichosema, nami nilikuwa karibu kuliko wote.

“Baba, nimemaliza karatasi ya mwisho.”

Akakipiga chini. Vigae viliruka hadi kwenye viatu vyangu, na wabebaji wakanyanyua jeneza.