Jina la Chisanga Ndani ya Loji

Tangu binti yake Chisanga azikwe, Mama Bwalya alibeba swali moja tumboni: je, Emery, mtoto pekee aliyembakia, alimla dada yake kichawi?

Usicheke. Hata wewe ungejiuliza. Mwanamke huyu alifiwa na mume mapema, akalima mihogo kijijini Lukafu mpaka mgongo ukapinda, akasomesha watoto wawili. Emery akawa mwalimu wa kemia chuo kikuu, akapanga nyumba mjini, mtaa wa Bel-Air. Kisha akaingia Frimasoni, chama cha siri ambacho watu husema hudai damu ya ndugu, kwenye tawi lake, loji ya walimu wenzake, wala hakuficha. Wiki tatu baadaye malaria ikamuua Chisanga. Wiki tatu! Pale kilioni jirani yao, Angélique, alimnyooshea Emery kidole, akasema mbele ya watu bila haya: "Ule njo alimutoa sadaka." Mungu amsamehe yule, mimi siwezi.

Sasa Emery alitaka kumchukua Glodie, binti wa marehemu, akamsomeshe mjini. Mama Bwalya, bibi wa mtoto, alikataa mara mbili. Angempaje mtoto bila kujua?

"Mama, kuya wee mwenyewe uone na macho," Emery alimwambia. "Iko siku moja mu mwaka banafunguliaka bafamille mulango, juu ya kukumbuka bantu benye balikufa. Hakuna kitu ya kuficha."

Akakubali. Alitaka mwanawe awe safi, alilitaka hilo kuliko mvua ya Novemba. Akafunga kikwembe, kitenge chake cha Pasaka, akaja mjini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mlangoni, mtu aliyeshika upanga aliuliza kila mgeni ni wa nani, ndiyo desturi yao, akawapitisha. Ndani mama alipekua kila kona kwa macho. Aliona wazee wenye aproni na glavu nyeupe, mishumaa, kiti kitupu kilichofunikwa kitambaa cheusi. Hakuna damu. Hakuna nyoka. Mkuu wao, Profesa Symphorien, aligonga nyundo ndogo ya mbao. Aliyetaka kusema aliomba ruhusa kwanza, akasimama wima, na hakuna aliyemkatiza. Hata kanisani kwake watu hawasikilizani hivyo. Kumbe ni watu tu, alijisemea, walimu na mikutano yao mirefu. Basi Glodie atakuja kusoma. Akamtabasamia Emery, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha wanachama wakashikana mikono, wakafanya duara, wakaacha pengo la mtu mmoja. Symphorien akaanza kuita wafu wa mwaka ule. Alimwita profesa mmoja wa sheria mara tatu, na kila mara wote wakanyamaza, kana kwamba wanamngoja aitike. Akageuza karatasi.

"Chisanga!"

Kimya.

"Chisanga! Chisanga!"

Emery ndiye aliyeomba dada yake atajwe. Kwao ilikuwa heshima kubwa, na alimfichia mama yake wiki nzima ili amfurahishe. Msomi mzima, jamani! Hakuwaza hata kidogo jina lile lingesikikaje masikioni mwa mama wa Lukafu, ambako kumpa mchawi jina la mtu ni kumpa mtu mwenyewe.

"Tuomboleze, tuomboleze, tuomboleze," wakasema wote pamoja, "lakini tutumaini."

Mama Bwalya hakupiga kelele. Aliinuka akatoka, Emery akamkimbilia uani.

"Mama, ni kwa kumuheshimu! Ni miye nilibaomba!"

"Ni weye ulibapatia jina yake."

"Ndiyo, lakini..."

"Na yangu? Banaijua?"

Emery akaitika kwa kichwa. Kwenye fomu ya kuomba kuingia palikuwa na mstari wa jina la mama mzazi, naye aliujaza. Hakuwahi kumdanganya mama yake, na pale uani hakuweza kuanza.

Mama akaelewa. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka. Hakumchukia, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia.

"Siyakukasirikia, mwana wangu. Miye nishazeeka, banikamate. Lakini Glodie..." Akapiga magoti kwenye changarawe, mama mbele ya mtoto wake! "Jina ya Glodie, nakuomba, usibapatie."