Mashini ya njia ine

Zaire ilikuwa ingali Zaire, na mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu hapa Kalemie. Masikio yangu niliyaamini kuliko mizani ya sokoni. Kwa hiyo mashini mpya ya kurekodi ilipofika kutoka Kigoma, mimi njo niliisifu kuliko wote. Ilishika sauti ine, kila moja kwa njia yake: wamama, wapapa, ngoma, na sauti ya kuongoza.

Papa Mulongo, mwimbaji wetu wa besi, alikataa. "Radio-kaseti ilitutosha. Izi njia ine ni za nini?"

"Ni za kukamata muntu," nilimujibu.

Maana katika wimbo wa sikukuu tuliokuwa tumeurekodi kwa mashini hiyo, sauti moja ilitoka nje ya wimbo kila tulipofika kwenye kiitikio. Nilijua ni ya Papa Mulongo.

Jumapili, kisha misa, nikawakusanya wote mbele ya mashini.

"Leo mutasikia ni nani anatuharibia wimbo. Na huyo atatoka mu kwaya!"

Nikaupiga ule wimbo, nikafunga njia ya wamama isisikike. Kosa likabaki. Nikamwangalia Papa Mulongo, nikafunga ya wapapa. Likabaki. Nikashuku hata ngoma, nikaifunga.

Ikabaki sauti moja, peke yake, inalia kama mbuzi aliyefungwa juani. Ilikuwa yangu.

Mama Feza akajifunika mudomo na kitenge. Papa Mulongo akasogeza kiti karibu na mashini.

"Mwalimu," akasema pole pole, "sasa nimeamini. Iyi mashini iko na faida kweli."