Bustani Wakati wa Eda

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa msimu wa joto, nyumbani kwetu Hail. Alirudi msikitini baada ya sala ya Alfajiri, akaniambia kifua kinambana, akajilaza sebuleni. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa keshaondoka. Adhuhuri haijaadhiniwa, walikwisha kumzika. Ninachokumbuka cha siku ile ni viatu vya wanaume, vimejaa mlangoni, na mimi nafikiri nani atavipanga. Sikulia. Watu wakasema nina subira, wakanisifu, na mimi nikawaacha waseme.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, wala havai nguo ya kung'ara. Wanawake wenzangu walinionea huruma, kufungiwa ndani na joto lile. Mimi sikuona uzito wowote. Wangeniambia nikae mwaka mzima ningekaa.

Bustani ilikuwa yake. Si kubwa, ni kipande cha ardhi baina ya nyumba na ukuta, lakini kila alipotoka kazini alikuwa humo. Mimi niliitazama kwa dirisha la jikoni tu, huku napika. Siku za taazia zilipomalizika na wageni wakapungua, niliona kwa dirisha lile lile kwamba maua yamesinyaa. Nikatoka mchana, jua la utosi, nikafungua mpira wa maji nikamwagilia kila kitu. Sikufikiri kwamba maji ya tangi la juu ya paa yameshinda yakichemka. Siku ya pili yake zinia zote zilikuwa zimelala chini kama mchicha ulioiva.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye tangu alipofiwa na mumewe, alitoka polepole na mkongojo wake akaziangalia.

"Umezipika," akasema.

Tangu mazishi alikuwa hajaniambia neno zaidi ya salamu. Alikuwa amezika mwanawe wa kiume wa pekee, na yeye pia hakuna aliyemwona akitoa chozi. Akanieleza kwamba maji hujazwa kwenye ndoo jioni, yakapoa mpaka asubuhi, ndipo mimea hupewa, tena chini kwenye shina, si juu ya majani. Kisha akarudi ndani.

Kuanzia hapo, tukishasali Alfajiri tulikuwa tunatoka pamoja. Yeye hukaa kivulini na kikombe cha kahawa, mimi hubeba ndoo. Marehemu hatukumzungumza. Tulizungumza mbolea. Tulizungumza asumini, ambayo ilikuwa inachanua kwa wingi na mimi siwezi kuivaa, kwa hivyo nikiichuma namwekea yeye kwenye sahani chumbani kwake.

Mwezi wa nane ndio mbaya zaidi. Mimea imechoka, na upepo unaotoka bara ni kama wa tanuri. Majirani wote walikuwa wameziachia bustani zao zikauke, wanangoja baridi. Mama mkwe hakutaka. Mwanangu anafanya kazi Suhar na huja Alkhamisi; bibi yake akamwagiza apite kwenye mashtali njiani Barka, huko wanakouza miche, alete vinka, kwa sababu ndilo ua lisiloogopa jua. Akaleta nyeupe, za pinki na za zambarau. Akatufungia na wavu wa kivuli upande wa magharibi. Nikazipanda jioni, nikazifunikia udongo kwa makuti makavu ya mtende ili usikauke. Mama mkwe akanifundisha kukata kila ua lililonyauka, maana likiachwa mmea huona kazi yake imekwisha. Bogenvilia akanikataza kuinywesha.

"Hiyo ukiishibisha inakupa majani matupu," alisema. "Iache na kiu yake."

Niliiacha. Baada ya muda ukuta mzima ukawa mwekundu. Nilikuwa nasimama mbele yake na mkasi mkononi, naona kwamba ni mwekundu, kama mtu anavyosoma kwenye karatasi neno "nyekundu". Naelewa, lakini hakuna kinachonifika. Hata hivyo nilikata maua yaliyonyauka, kila siku, bila ya kukosa. Ilikuwa ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na nikiimaliza jua limeshapanda, basi siku imeshaliwa kidogo.

Mwezi wa tisa akaja wifi yangu, anayekaa mtaa wa Bustan. Alikuwa amewapeleka watoto wake Salala, kule kusini ambako joto likituunguza sisi wao hupata mvua, kwa hivyo hakuwa ametuona kwa wiki kadhaa. Alisimama langoni akaitazama bustani muda mrefu, kisha akaingia. Tulipokwisha kunywa kahawa akasema kwa upole, lakini akasema, kwamba nyumba ya msiba haifai kuwa vile. Watu wanapita, wanaona rangi zote zile, watasema mjane anasherehekea.

Pengine alisema kweli, mimi sikujua. Aliyejibu ni mama yake.

"Anayekaa eda ni mke. Maua hayakai eda."

Wifi akaingia kwenye jambo lililomleta: eda ikimalizika atamchukua mama akakae kwake. Chumba ameshakipaka rangi. Mama mkwe hakusema ndiyo wala la, nami nilichukulia kwamba limekwisha, atakwenda.

Siku niliyotoka eda waliniogesha, wakanifukiza udi, wakanivisha nguo ya kijani. Majirani walikuja wakala, wakaniambia nimependeza. Walipoondoka nikaenda chumbani kwa mama mkwe kumfungia nguo zake. Nilikunja kanga zote, nikafunga sanduku, nikalitoa mpaka kwenye gari la wifi. Mama mkwe alinifuata nyuma. Nilipogeuka nimpe mkono, maneno yakanitoka bila ya kuyapanga.

"Mama, usinende."

Aliniangalia kama anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nnakaa hapa. Hapa nikisikia lango, nnadhani ni yeye. Kwako n'tasikia nini?"

Wifi aliegemea gari akalia, uso mzima, mabega yanatikisika, hapo hapo barabarani. Alikuwa amemlilia kaka yake tangu siku ya kwanza, na ilionekana hajamaliza. Nilimtazama nikamwonea wivu. Kisha nikamshika mkono nikamrudisha ndani, nikamwosha uso, nikampa chai. Alikunywa. Akaniomba asumini, nikamchumia.

Sanduku nililirudisha chumbani mwenyewe, nikazitundika kanga moja moja. Mama mkwe alikaa kitandani akinielekeza ipi iwe wapi. Baridi ilipoingia tuling'oa vinka zote, maana zilikuwa zimerefuka vibaya, tukaulizana tupande nini. Yeye alitaka kabichi za mapambo. Mimi nilisema sina la kuchagua, chochote atakacho. Akasema hilo si jibu, na akaningoja mpaka nikachagua.